Mguu wa Mkwe

Kituo cha Rehema,
Kitale.
Jumapili, 5 Juni 1949

Kwa binti yangu Wilkista,

Salamu kwako na kwa wajukuu wangu, Nekoye na mdogo wake. Sisi hatujambo, ila baba yako anakohoa na mimi nina hasira. Kikohozi ni cha vumbi. Hasira nitakueleza.

Mwangalizi Eliakim alikuja juzi kutoka ofisi ya kanisa huko Bungoma, na daftari lake kwapani, akatuuliza, "Wazee, kwa wiki mnafanya nini hasa?" Hasa! Mimi mwanamke wa miaka hamsini na minane, niliyetolewa Matulo nikaacha migomba yangu na wajukuu wangu, nikatumwa ng'ambo miaka miwili kwa jina la Bwana, naulizwa hasa. Ndiyo, nasema ng'ambo. Mlima ni ule ule wa kwetu lakini huku tunauona kwa ubavu mwingine, ardhi yote ni ya wazungu, na mtu akivuka barabara anaulizwa kipande cha kazi.

Basi nikamwambia aandike. Jumatatu nafua vitambaa vya vidonda na kuvichemsha. Jumanne naosha miguu. Watu wa mashambani wanafika tangu alfajiri, Waturkana, Wasabaoti, Wakikuyu, watu wetu, kila mtu na funza wake na vidonda vyake, nami nakaa kwenye kigoda na pini na maji ya chumvi mpaka mgongo unakataa kunyooka. Jumatano tunakoroga maziwa ya unga kwa watoto. Alhamisi miguu tena. Ijumaa natembelea waliojifungua. Jumamosi tunapika sabuni, na Jumapili tunaambiwa tupumzike, kwa mahubiri ya saa tatu. Baba yako tangu Jumatatu haonekani, yuko na baiskeli mashambani akifundisha watu kusoma, anarudi Jumamosi amejaa matope. Eliakim aliyaandika yote hayo kwa mstari mmoja. Niliuona.

Msaidizi wangu anaitwa Wangu, mjane Mkikuyu aliyehamia huku zamani na marehemu mumewe. Ana mkono mwepesi na hana maneno mengi. Nampenda kwa yote mawili.

Mwezi uliopita tulipita karibu na shamba anakolima mume wako. Baba yako alienda kumsalimia. Mimi nilibaki nyuma ya mahindi nikageuza uso, kama inavyotakiwa kwa mama mkwe. Nasikia amenenepa. Mwambie nimesikia.

Mama yako,
Nanyama

*

Matulo,
24 Juni 1949

Mama,

Salamu utazipata siku nyingine.

Barua ya mume wangu imefika. Ng'ombe waliyumba, plau ikamkata unyayo. Mzungu wake alimpa ruhusa ya siku moja, Alhamisi, akaja kituoni kwenu. Alitegemea kumkuta Baba, na kama si Baba, huyo Wangu wako. Baba alikuwa mashambani na Wangu alikuwa ameenda mtoni. Hakukuwa na mtu ila wewe, na yeye alikuwa ameshatembea maili saba. Akakaa kwenye foleni, kichwa chini. Watu kumi na tisa walikuwa mbele yake. Uliwaosha wote kumi na tisa. Ulipofika kwake ukajifunika kichwa kwa leso, ukaacha beseni, ukatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Anasema mbio, Mama. Watu waliobaki walingoja mpaka jua likageuka, halafu wakaenda zao, na yeye akarudi maili saba akikanyagia kisigino.

Sasa mguu umevimba hadi kifundoni na plau anashika mtu mwingine.

Unaosha miguu ya watu usiojua hata ukoo wao. Mguu wa baba wa wajukuu wako unaukimbia. Si wewe uliyenitoa kwenye ngoma nikiwa msichana, ukasema sisi ni watu wa Kitabu? Si Baba aliyesimama kanisani hapa Matulo akasema heshima ya wakwe ni kamba ya zamani na Yesu ameikata? Nilidhani imekatwa. Kumbe imekatwa kwa watu wengine.

Akifa nitakuandikia tarehe.

Wilkista

*

Kituo cha Rehema,
Kitale.
29 Juni 1949

Wilkista,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa natafuta adabu, sikuiona.

Ulitaka nifanye nini? Niambie. Nimpandishe mkwe wangu suruali mpaka gotini mbele ya watu arobaini, nusu yao watu wetu, watakaofika nyumbani na habari hiyo kabla ya basi? Mtu huyo sijawahi kumpa mkono. Siku ya harusi yenu nilikula jikoni peke yangu. Akija Matulo mimi nazunguka kwa shamba la jirani. Jina lake sijalitia mdomoni miaka tisa. Hayo si mambo ya shetani, ni heshima, na ndiyo iliyomwonyesha unatoka nyumba gani. Baba yako alihubiri, ndiyo. Baba yako anahubiri mengi. Mama yangu alipozikwa, yeye alisimama nje ya boma mvua ikimnyeshea mpaka udongo wa mwisho ukatiwa, asije akakaribia hata maiti ya mama mkwe. Mwulize hiyo kamba alikuwa ameikata wapi.

Na yeye mume wako! Mtu mzima, anajua niko pale, anakaa kwenye foleni yangu kama mgeni. Si angekaa mbali akatuma mtoto wa watu amwitie Wangu mtoni? Aliniaibisha kabla sijamwaibisha.

Unasema nilikimbia. Nilikimbia. Nilikaa kwenye mahindi nikalia mpaka leso ikalowa, halafu nikaona aibu kulia, halafu nikashikwa na hasira kwa kuona aibu. Hayo hakuyaona, kwa hiyo hakukuandikia.

Nimemwita baba yako kutoka mashambani, na leo nimemtuma na baiskeli amlete. Usinitishe tena na mambo ya tarehe.

Nanyama

*

Kituo cha Rehema,
Kitale.
Jumapili, 3 Julai 1949

Kwa binti yangu mpendwa Wilkista,

Amani iwe nawe. Mama yako yuko kwenye mkutano wa akina mama, nami natumia nafasi hiyo kukuandikia, kwa maana kuna neno ambalo si lazima alijue.

Nilimkuta mwenzio laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, amelala, mguu juu ya gunia. Nilimpakia nyuma ya baiskeli tukaenda moja kwa moja kwa hospitali ya serikali. Daktari alikuwa mtu mwema. Alisema abaki kitandani pale, aangaliwe kila siku, na ikiwa dawa haitashika, watakata kidogo. Basi mume wako aliposikia kukata, hakusikia lingine. "Mimi ni mtu wa plau, Mzee," aliniambia. "Mtu wa plau akikatwa mguu ni kiti tu." Nilimsihi, nikamwombea, akakataa kulala. Nikamleta hapa. Yuko stoo, kati ya magunia ya maziwa ya unga.

Hilo neno la kukata sijamwambia mama yako. Atashtuka, na ukimshtua anakuwa mkali. Nawe usimwambie.

Sasa furahi kidogo. Mama yako amepata njia. Amepigilia blanketi katikati ya stoo, kutoka ukuta hadi ukuta. Mkwe yuko upande huu na Wangu, yeye yuko upande ule na kigoda chake. Wangu ndiye mikono, mama yako ndiye kichwa. Tena kwa kuwa hawasemeshani, maneno yote yanapita kwa Wangu. Mama yako anasema, "Mwulize kama mguu una joto." Wangu anamwambia, "Anauliza kama iko moto." Mkwe anasema, "Mwambie ni kidogo tu." Wangu anasema, "Anasema kidogo tu." Na wote watatu wanasikiana vizuri kabisa, maana blanketi si ukuta! Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Kila asubuhi maji ya chumvi ya moto, halafu asali, halafu kitambaa safi. Kesho naenda mashambani kama kawaida hadi Jumamosi. Mungu ni mwema.

Baba yako,
Yohana Wekoye

*

Matulo,
12 Julai 1949

Baba,

Sikucheka.

Kwa hiyo anayejua vidonda haoni, na anayeona hajui. Hiyo ndiyo njia aliyoipata? Wangu ni mama mwema, nimesikia, lakini kazi yake ni kuchota maji na kukunja vitambaa. Na wewe unaondoka Jumatatu unarudi Jumamosi, unakuta kitambaa cheupe kimefungwa vizuri, unasema Mungu ni mwema.

Mwambie Mama neno la daktari. Mwambie aangalie kwa macho yake. Akitaka ajifunike uso abakishe jicho moja, mimi sijali. Ningekuja mwenyewe leo hii, lakini Nekoye ana surua na mdogo wake ameanza kupata joto, nimefungwa hapa kama mbuzi.

Ningemwandikia Mama mwenyewe, ila tangu ile barua yake hatuandikiani. Yeye ndiye mkubwa. Aanze.

Nakutegemea wewe, Baba. Usiniombee, mwambie.

Wilkista

*

Kituo cha Rehema,
Kitale.
Jumamosi, 30 Julai 1949

Wilkista,

Mume wako yuko hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine.

Alhamisi Mwangalizi Eliakim alifika bila taarifa, na wageni wawili waliokuja kuona kazi ya kituo. Nilikuwa stoo na Wangu. Akaingia, akasimama. "Hii ni nini?" Wangu akaendelea kukunja vitambaa. Nikasema, "Ni blanketi, Mwangalizi." Wageni wakacheka. Yeye hakupenda kuchekwa. Akauliza nani yuko upande wa pili, akaambiwa, na uso wake ukabadilika. "Mama Nanyama," akasema, "pazia la hekalu lilipasuka, na wewe unatundika lingine ndani ya nyumba ya kanisa?" Akalishika akalivuta, misumari na yote.

Tukaonana. Mume wako akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi niliangalia mguu.

Sijui nikuandikieje. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama makaa, na weusi ulikuwa umeshapita kifundo. Wiki nne, Wilkista. Wiki nne kila asubuhi namwuliza Wangu, na kila asubuhi ananijibu, "Inakauka, Mama. Iko sawa." Nikiuliza rangi, ananiambia ni nyekundu ya kupona. Harufu sikuisikia kwa sababu stoo ilijazwa majani ya mikaratusi, nami nikaambiwa ni ya kufukuza nzi. Nimeosha miguu mwaka mzima. Ningeuona ule mara moja tu, siku ya kwanza, ningesema hospitali, na angekataa ningemfunga kamba kama fahali.

Nilikaa chini nikauweka mguu huo mapajani pangu. Nilimshika, ndiyo, kwa mikono hii, na hakuna jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Nikamwita Eliakim jina ambalo sitaliandika, nikamwambia alete gari lililowaleta wageni wake. Alilileta mbio.

Jana asubuhi wamekata, chini ya goti. Daktari anasema ataishi. Anasema pia kwamba mwanzoni mwa Julai pengine ingekuwa vidole tu.

Wangu nimemfukuza. Nilimwuliza mara tatu kwa nini alinidanganya, akanitazama tu machozi yakimtoka, hakufungua mdomo. Kunyamaza kwake nilikokupenda, sasa nakuchukia. Baba yako naye tulimwita hospitali jana, ndipo akaniambia neno alilolificha tangu siku ile. Sisemi naye. Nampa chakula, siyo zaidi.

Na wewe. Nilikuwa natafuta koti la baba yako nilifue, nikakuta barua yako ya tarehe kumi na mbili mfukoni. Ulijua. Ulijua kuwa sioni, ulijua daktari alisema nini, ukamwandikia yeye, ambaye unajua tangu utotoni kwamba hawezi kuniambia jambo baya bila kulizungusha mwezi mzima. Mimi hukuniandikia hata mstari. Ulitaka nianze. Haya, nimeanza.

Nanyama

*

Matulo,
5 Agosti 1949

Mayi, mama yangu,

Nilijua. Sina la kujitetea.

Wilkista

*

Ofisi ya Mwangalizi,
Bungoma.
22 Agosti 1949

Kwa Mtumishi wa Bwana, Mama Nanyama Wekoye,

Salamu katika Jina lipitalo majina yote.

Halmashauri imepokea taarifa yangu juu ya tukio la tarehe 28 Julai. Ndugu wote walitiwa moyo sana. Tumeona ya kwamba siku ile, mbele ya macho ya wageni wetu, ulipomshika mkweo bila haya, mila ya giza ilianguka katika nyumba yako na Injili ikashinda. Ni habari ambayo itawajenga wengi, hasa akina mama wa vijijini ambao bado wanakimbia wakwe zao hadi leo.

Kwa hiyo umechaguliwa kutoa ushuhuda katika mkutano mkuu wa Septemba hapa Bungoma. Muda wako ni dakika kumi. Tafadhali useme zaidi juu ya kushikwa kwa mguu, na juu ya kukatwa useme kwa ufupi. Ingefaa pia mkweo awepo, asimame kando yako. Kiti kitaandaliwa.

Juu ya jina uliloniita siku ile, nimekusamehe.

Wako katika shamba la Bwana,
Eliakim, Mwangalizi

*

Kituo cha Rehema,
Kitale.
28 Agosti 1949

Mwangalizi Eliakim,

Sitakuja.

Unasema mila ilianguka. Haikuanguka mila, kilichoanguka ni mguu wa mwanamume wa miaka thelathini na mmoja mwenye watoto wawili. Ungekuwepo hospitali ungeona ulikoanguka. Hukuwepo. Uliwapeleka wageni kunywa chai.

Kama ungeniuliza siku ile, hata kwa ukali, "Mama, mguu huu ukoje?" ningekuheshimu mpaka kufa. Wewe uliliona blanketi tu. Na leo hii unaliona blanketi tu. Sasa unataka nisimame mbele ya watu elfu, mkwe wangu ameegemea gongo kando yangu kama mbuzi wa mnada, niseme Bwana asifiwe, na kukatwa kupite kwa ufupi. Mimi ndimi ninayekaa na kukatwa kule. Hakuna ufupi.

Tena wacha niseme, kwa kuwa umeshanisamehe. Mama mkwe wako anasali Matulo. Kila unapokuja kuhubiri, yeye akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatoka kwa mlango wa nyuma, unasema unaenda kuangalia baiskeli za watu. Baiskeli gani hizo zinazotaka kuangaliwa kila Jumapili? Kanisa zima linajua, hakuna anayekucheka, kwa sababu ni heshima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Toa ushuhuda wewe. Mshike mkono mama wa watu mbele ya mkutano mkuu. Dakika kumi hutazihitaji.

Kesho kutwa ni Jumanne na nina miguu ya kuosha. Andika hilo katika daftari, mstari mmoja utatosha.

Jina nililokuita silirudishi.

Nanyama

*

Matulo,
11 Septemba 1949

Kwa Mama wa Wilkista,

Sijawahi kukuandikia na sijui nianze na salamu gani, kwa hiyo nisamehe.

Nimefika nyumbani. Watoto waliogopa siku mbili, sasa wanagombania gongo langu. Wilkista ananiuguza na hasemi sana. Analia akiwa shambani, akidhani shamba liko mbali. Amenionyesha barua zako zote, ndipo nikajua umemfukuza Wangu, nikajua pia unafikiri alikudanganya kwa ujinga au kwa ubaya. Siwezi kula nikijua hivyo.

Wiki ya pili vidole vilianza kubadilika. Wangu aliona siku hiyo hiyo. Aliniambia polepole, wewe ukiwa upande wa pili unakwangua asali kwenye chupa, "Huyu mama lazima ajue." Nilimshika mkono nikamwapisha kwa Mungu wake. Nilimwambia aseme inakauka. Alikataa siku mbili, siku ya tatu akakubali, na kila aliposema inakauka alikuwa analia. Wewe ulimwuliza kama ana mafua. Nilikusikia. Majani ya mikaratusi pia niliomba mimi.

Ungeambiwa ukweli, ungeliinua lile blanketi. Nilikujua hivyo ingawa hatujawahi kuongea. Wewe ungeliinua, na mimi ningekuwa mtu aliyemfanya mama mkwe wake avunje heshima yake kwa ajili ya mguu. Ulishakimbia mara moja kwa sababu yangu, watu wakaona. Sikutaka nikuaibishe mara ya pili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi.

Lakini kitandani nimepata muda wa kufikiri, na lazima niseme yote. Niliogopa pia kukatwa. Ukweli ungenirudisha kwa daktari. Lipi lilikuwa kubwa zaidi, heshima yako au woga wangu, nimejaribu kupima na sijui. Labda niliuficha woga nyuma ya heshima, kama nilivyouficha mguu.

Usimlaumu Wangu. Usimlaumu Mzee. Na Wilkista amejilaumu vya kutosha.

Mkweo,
Wakhungu

*

Kituo cha Rehema,
Kitale.
18 Septemba 1949

Wakhungu,

Mjinga wewe.

Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta neno lingine, halipo. Baba yake Wilkista anasema nikuandikie kwa upole. Nimemwambia upole wake tumeshaona ulichotufanyia.

Nani alikuomba heshima ya namna hiyo? Mimi? Nilikaa nyuma ya lile blanketi kwa sababu niliambiwa mguu unapona. Mguu unaopona unaweza kungoja heshima. Unaooza haungoji. Ungeniambia, ningeliinua, nisingefikiri hata mara moja, na watu wangesema wapendavyo, na mimi ningeona haya mwezi mmoja au mwaka mmoja, halafu ningezoea. Wewe utazoea lini? Ulinipimia haya yangu ukaiona ni kubwa kuliko mguu wako. Nani alikupa mizani hiyo?

Ni mimi niliyekupa. Nimelifikiria hilo pia. Siku ile ya foleni, beseni likiwa mbele yako, nilikufundisha kwa mgongo wangu kipi kina thamani, nawe ukashika somo vizuri kuliko wote baba yako mkwe anaowafundisha mashambani. Nina hasira na wewe, na nikiifuata hasira hiyo inakoanzia najikuta mwenyewe nimekaa pale. Kwa hiyo usidhani nakukaripia peke yako.

Umeandika woga na heshima huwezi kuvipima. Usivipime. Ulikuwa na vyote viwili, na mimi vilevile, na hakuna aliyesema.

Juzi nilienda kwa Wangu. Nilimkuta nje anachambua maharagwe, hakuniangalia. Nikamwambia, "Nimejua." Akasema, "Mimi niliapa kwa Mungu." Nikamwambia, "Najua uliapa." Nikakaa chini nikachambua naye mpaka sufuria ikajaa. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Mimi hapana rudi huko, Mama. Tafuta mwingine." Sikumbembeleza. Ana haki. Nitamwendea tena.

Mwangalizi bado hajanijibu. Tumeomba wiki mbili za kuja nyumbani, hawajajibu hilo pia, na tunakuja. Tutapanda basi Jumatatu ijayo. Baba yake Wilkista anasema tutafukuzwa kazi ya Bwana. Nimemwambia Bwana anajua Matulo ni wapi.

Sasa nisikilize. Nikifika sitazunguka kwa shamba la jirani. Nitaingia kwa mlango. Kidonda hicho utanionyesha, kila siku, mchana, mbele ya Wilkista na mbele ya yeyote atakayekuwa amekuja kuchungulia, na nikikuuliza kama kinauma utanijibu mwenyewe, kwa mdomo wako, ukweli. Mambo mengine ya wakwe tutayaheshimu kama kawaida. Sitakula nawe na sitakaa kwenye kiti chako. Lakini hilo moja limekwisha.

Na usijaribu kunikimbia. Mguu mmoja hautakufikisha mbali, na mimi kukimbia nimeshakimbia vya kutosha.

Mama yenu,
Nanyama